Vifungu Sitini na Vinne vya Kuishi na Jitu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

"Jitu halihitaji sheria. Nguvu zake ndizo sheria." Ameandika hivyo Mchora Ramani, kwa wino wa kijani, ukurasa wa kwanza wa andiko lake. Na Mhariri amemwekea alama ya vema pembeni. Alama ya vema! Niliisoma sentensi hiyo mara nne nikiwa nimesimama kwenye korido ya ofisi yao. Mara ya tano nilikaa, maana hasira ya kusimama inaumiza magoti.

Uongo mtupu. Mwenye nguvu ndiye mwenye haja nyingi. Sungura akiumwa jino, anaumwa jino dogo. Jitu likiumwa jino, nani ataingia mdomoni na koleo? Mtu. Jitu likiwashwa katikati ya mgongo, nani atapanda ngazi? Mtu. Na panapo haja pana mapatano. Wahenga hawakusema zimwi halili. Walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Maana yake kuna mahali paliafikiwa kwamba mkono sawa, kichwa hapana. Hiyo kama si sheria ni nini?

Nieleze jambo lenyewe, ili nikija kusoma daftari hili uzeeni nisijidanganye. Nyumba ya vitabu inataka ulimwengu mmoja wa kubuni: mji ambamo watu na majitu wanaishi mtaa mmoja. Waandishi sita watatunga hadithi, kila mmoja zake, lakini ndani ya mji uleule, ili jitu lisilo na mkia katika kitabu cha kwanza lisiote mkia katika cha tatu. Kwa hiyo kunatakiwa kanuni za ulimwengu huo, na msimamizi ambaye waandishi wote sita watamtii. Tumebaki wawili. Mchora Ramani, mpima ardhi mstaafu ambaye hajawahi kugombana na mtu maishani mwake. Na mimi. Uamuzi ni Jumamosi.

Lazima nishinde. Miaka kumi na tisa niliandika safu gazetini. Nilibishana na wakuu wa idara, madaktari wa meno, makocha, na mara moja mfugaji nyuki. Hakuna aliyenitii. Mwaka jana gazeti likanitoa, eti majibu yangu kwa barua za wasomaji yalikuwa marefu kuliko gazeti. Sasa watu sita wa kunitii, kwa mkataba. Nafasi kama hii haipiti mlangoni mara mbili.

Nina vifungu sitini na vinne. Kasoro ni moja tu: havijajaribiwa. Mke wangu, ambaye ni mshonaji, husema nguo isiyojaribiwa ni kitambaa tu.

Lakini Mungu si Athumani. Sebuleni kwangu kuna jitu.

Ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Wiki ya tatu sasa, tangu machimbo ya mawe yalipofungwa. Futi sita na inchi tisa. Kochi linampokea hadi magotini. Yanayobaki yanalala juu ya stuli. Mkimya. Akipiga chafya, vijiko vinaitika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sina shamba. Nitampa vifungu.

Mkakati: nitamjaribu bila yeye kujua. Daftari la vifungu nimelificha juu kabisa ya kabati la vyombo, pale ambapo mimi na mke wangu hatufiki bila kupanda kigoda. Hakuna jicho litakaloliona.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ajabu. Kifungu cha 9 kinasema jitu hukohoa mara mbili kabla ya kuvuka kizingiti, ili watu wawahi kuondoa vinavyovunjika. Nilikuwa nimepanga kumzoesha polepole, kwa kukohoa mimi mwenyewe kila apitapo. Sikuhitaji. Saa moja asubuhi: kho, kho. Akaingia jikoni. Kho, kho. Akatoka.

Mke wangu akamuuliza kama ana mafua. Akasema hapana dada, ni heshima tu.

Heshima tu! Sikumwambia neno, wala sikumtazama vibaya. Sheria bora hutiiwa kabla ya kutangazwa. Sentensi hiyo naitia kwenye utangulizi.

Mchana, kifungu cha 17: jitu huchota maji ya nyumba tatu. Pampu ya jengo letu imekufa tangu wiki iliyopita, maji yako bombani chini uani. Shemeji akachukua ndoo nne, mbili kila mkono, akapanda nazo kama mtu aliyebeba magazeti. Akatujazia sisi. Akamjazia mama wa ghorofa ya juu. Akamjazia fundi redio wa mlango wa kushoto. Akaweka ndoo chini. Mama wa mlango wa kulia akatoka na pipa lake, akamwambia mwanangu na mimi nipo, au mimi sinywi? Shemeji akaomba radhi, akamwambia kiwango ni nyumba tatu. Mama akauliza kiwango cha nani. Shemeji akatazama juu, kwenye dirisha letu.

Nikarudi nyuma ya pazia. Moyo ulinidunda kwa furaha ya kisayansi. Tatu! Si mbili, si nne. Nimegundua tabia ya asili ya majitu nikiwa nimevaa ndala.

Jioni, kifungu cha 22: jitu hukaa sakafuni ili macho yake yalingane na ya watu. Akaacha kochi mwenyewe, akakaa chini, akala chini. Mke wangu akamuuliza ana nini. Akasema sakafu ina ubaridi mzuri. Nikamtazama usoni moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu aje. Ana macho ya mtu anayesubiri kuitwa.

Nimeandika: macho, kahawia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku mbaya. Niiandike kwa utaratibu.

Ofisi ya vitabu iko juu ya duka la vifaa vya bomba. Ukiingia unanusa gundi ya vitabu na gundi ya mabomba, na baada ya saa nzima hujui kipi ni kipi. Mchora Ramani alikuwa amekwisha kufika. Ametandika mezani ramani ya ukubwa wa shuka. Milima ya kahawia. Msitu wa majitu, kila mti umechorwa peke yake. Watu wa idara ya jalada wamesimama wakiitazama kama watu wanaotazama mtoto aliyezaliwa.

Nikaikagua. Nikapata. Nikasema, kwa sauti iliyofika dukani, kwamba mto wake unapanda mlima.

Mchora Ramani akavua miwani, akainama, akatazama. Kisha akasema ahsante sana ndugu yangu, umeniokoa na aibu. Akatoa raba, akafuta, akauteremsha mto. Mhariri akasema huo ndio unyenyekevu anaoutafuta kwa mshirika wa kazi.

Yaani nimemsaidia adui mbele ya jaji.

Aliponipa mgongo nikatia raba yake mfukoni. Vita ni vita. Bila raba hatasahihisha kitu hadi Jumamosi. Nikiwa narudi kitini akaniita. Akaniambia nichukue tu, ndugu yangu, anazo dazeni nzima, na ya bluu ni laini zaidi, je, ninaitaka?

Nilichukua ya bluu. Kukataa kungekuwa kukiri.

Kisha ikaja zamu yangu. Mhariri sisi humwita Mkasi, kwa kuwa hukata, na kwa kuwa hachelewi. Akafungua vifungu vyangu mahali popote tu, akauliza mvua ikinyesha jitu linalala wapi. Nikamjibu kifungu cha 40: jitu hulala nje ya paa, kwa usalama wa paa. Akauliza nani aliliuliza jitu. Nikamweleza kwamba sheria haitungwi kwa kuuliza walengwa, la sivyo hadi leo tusingekuwa na shule. Akafunga daftari, ambalo jioni nimelirudisha juu ya kabati.

Akasema sisi wawili tumemzika. Mmoja kamzika kwa milima, mwingine kwa vifungu, na mpaka sasa hajaona hata mtu mmoja akibandika birika. Anataka kitu kimoja. Ijumaa, saa nne asubuhi, kila mmoja alete ukurasa: asubuhi moja ya kawaida, nyumba moja, mtu na jitu. Hataki vita. Hataki wafalme. Akanitazama mimi: hataki hoja.

Asubuhi ya kawaida. Miaka kumi na tisa sijawahi kuandika kitu cha kawaida. Lakini sirudi nyuma. Aliyekwisha kuvua nguo hana budi kuoga.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mke wangu alikwenda kufungua mlango wa barazani aingize kamba ya nguo. Akamkuta mdogo wake amekaa nje, amejifunika gunia, mgongo umelowa, miguu ameikunja isiguse ukuta.

Kifungu cha 40.

Akamuuliza, baba wee, nani kakufukuza ndani. Shemeji akasema hajafukuzwa na mtu, dada, ni utaratibu tu, shemeji ameandika na nyumba ni yake. Akaulizwa ameandika wapi. Hapo shemeji akaingia, akakohoa mara mbili, akanyoosha mkono, hata visigino hakuinua, akalichukua daftari langu juu ya kabati kama mtu anayechukua kikombe mezani.

Ndipo nilipoiona kasoro ya maficho. Kasoro ya kiufundi.

Kumbe alilisoma tangu Jumatatu jioni. Lilikuwa mbele ya pua yake, kasema, akadhani limewekwa pale kwa ajili yake, kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisoma.

Mke wangu alisoma akiwa amesimama, futi ya kupimia shingoni. Alikuja kukwama kifungu cha 5, ambacho kinaeleza mkono wa jitu ni inchi arobaini, shingo ishirini na moja, na bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Akaniambia vipimo hivyo ni vyake yeye, viko kwenye daftari lake la wateja, nimeviiba. Na bega hilo, akasema, lilishuka kwa kubeba mawe miaka minane, na miwili ya kwanza ya mawe hayo ndiyo iliyomsomesha yeye ushonaji, na ushonaji ndio unaonilisha mimi na majitu yangu.

Nikamjibu kwa utulivu kwamba jitu la fasihi si ndugu wa mtu.

Akasema basi na mume wa fasihi akanywe chai ya fasihi. Akaondoa birika jikoni.

Nilijitetea. Nilisema shemeji mwenyewe hajalalamika. Na kweli: aliulizwa, akasema lililo na tatizo kidogo ni lile la maji. Nyumba tatu ni chache, angeweza tano, yule mama wa pipa ana miguu mibovu. Lakini kilichoandikwa kimeandikwa. Nikamwambia mke wangu unaona, jitu linapendekeza marekebisho kwa njia halali. Dalili ya sheria hai!

Mke wangu alikwenda kwenye cherehani akakanyaga kwa nguvu nusu saa nzima. Baadaye nikaona sindano haikuwa na uzi.

Saa sita shemeji akasema, bila hasira, kwamba amepata kibarua kwenye yadi ya mbao. Kuna stoo ya kulala, dari yake ni ndefu. Lori linakuja kumchukua Jumamosi saa sita. Akashukuru kwa wiki tatu. Nikamkumbusha kifungu cha 58: jitu linalohama hutoa taarifa siku saba kabla. Akafikiri. Akaomba samahani, akauliza kama kwa safari hii anaweza kuruhusiwa.

Kilichonipiga kichwani kilikuwa kidude cha kuwekea sindano. Kwa bahati sindano nyingi zilikuwa zimekwisha kuchomolewa.

Sijavunjika moyo. Najiuliza tu: Jumamosi jitu likiondoka, vifungu vitajaribiwa kwa nani?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Niliamka bila chai. Saa moja nikakaa mezani. Ukurasa unatakiwa saa nne.

Jaribio la kwanza: "Asubuhi hiyo, kinyume na madai ya wapotoshaji, jitu liliamka." Nikachana.

La pili: "Haihitaji akili nyingi kutambua kwamba birika..." Nikachana.

La tatu lilianza vizuri, lakini kufika mstari wa sita lilikuwa limekwisha kuwa barua kwa mfugaji nyuki.

Saa mbili. Karatasi nyeupe. Mchora Ramani bila shaka yuko nyumbani kwake, ana asubuhi ya kawaida kabisa, anainakili tu. Nikajiambia: shahidi yupo. Anaondoka kesho. Mtu mwenye kiburi angenyamaza. Mimi nina uthubutu.

Nikamkuta shemeji barazani anakunja mashati yake. Mawili, kila moja lina kitambaa cha watu watatu. Nikamwambia nahitaji kujua jitu huamkaje. Hakushangaa. Akauliza aanzie wapi. Nikamwambia macho yanapofunguka. Nimeandika alivyosema, neno kwa neno, kwa kuwa muda wa kuboresha haukuwepo:

"Mimi, shemeji, nafumbua macho kabla ya wote, ila siamki. Kochi linalia nikigeuka. Basi natulia nasikiliza mpaka dada aguse birika. Hapo najinyoosha, maana nyumba ikishaanza kelele, zangu hazisikiki. Kikombe nakishika kwa vidole viwili. Si madaha. Nikikishika kwa mkono mzima watu wanakitazama kikombe, wanasahau kunisalimia. Ngazini watu wakiniona wanabana ukutani. Na mimi nabana ukutani. Tunabaki tumebana wote, katikati peupe, hakuna anayepita. Mpaka mmoja acheke. Siku nyingine hacheki mtu, tunasimama tu. Saa mbili wanaanza kuniita. Mtungi wa gesi. Godoro. Mama wa juu anahamisha kabati. Naenda, tena nafurahi. Lakini nimeona kitu. Kukiwa na kizito, wote wananijua kwa jina. Kikiwa chepesi, chai, umbea, picha za harusi ya mtu, wanasema yule tusimsumbue. Shemeji, mimi nisumbueni."

Akaendelea kukunja shati.

Mkono uliniuma. Sikumkatiza hata mara moja, na kutokatiza kumenichosha kuliko kuandika. Dakika nilizobakiwa nazo nikazitumia kuongeza juu yake utangulizi wa aya mbili unaomjibu Mchora Ramani kwa ile hoja ya jino. Nilifika ofisini saa nne kasoro dakika tano, natiririka jasho. Mkasi akasoma utangulizi, akaukata mbele ya macho yangu, akautia kapuni bila hata kuukunja.

Kwenye ukurasa wa Mchora Ramani jitu linaamka na kuutazama mto. Mto unateremka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Niliondoka saa tatu bila kumuaga shemeji, ili nisichelewe. Mke wangu aliniambia nina moyo wa tofali. Nikamwambia tofali ndilo linalojenga.

Mkasi alisoma ukurasa wangu kwa sauti. Alipofika "mimi nisumbueni" akairudia. Mchora Ramani akafungua andiko lake, akatafuta ile sentensi ya wino wa kijani, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Akasema alikosea. Lina haja, akasema, tena haja yake si ya jino.

Nimeshinda hoja! Nilisimama nipokee pongezi.

Mkasi akasema ulimwengu umepatikana, unaanza na asubuhi hii. Kisha akauliza ni nani anayezungumza humu, kwa sababu si mimi. Ukurasa mzima na hakuna mtu aliyetukanwa. Nikasema ni matokeo ya utafiti. Mchora Ramani, mzee wa watu, kwa upole, kalamu mkononi, akaniuliza mlango ambao jitu linainama una urefu gani. Sikujua. Akauliza likipewa kiti miguu linaiweka wapi. Nikasema inategemea. Mkasi akauliza jitu likikaribishwa chai linamaliza, au linabakiza ili lisionekane lafi. Nikafungua mdomo.

Wiki tatu ndani ya nyumba yangu, na sijui kama shemeji humaliza chai.

Mkasi akatazama saa, akasema nimlete.

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Nilikimbia. Sijakimbia tangu kisa cha yule kocha. Mtaani kwetu lori limeshawashwa, shemeji yuko nyuma kwenye mbao, begi lake mapajani, dada yake ameshika ubavu wa lori na haachii. Nikasimama mbele ya gari, nikamwamuru dereva azime kwa jina la fasihi. Dereva akauliza huyo fasihi anakaa wapi, ana mzigo? Nikamwambia asubiri.

Nilikuwa na hotuba. Niliitunga njia nzima, ina sehemu tatu. Nilipomfikia shemeji nikasema tu kwamba wameniuliza maswali na sikuwa na majibu.

Mke wangu akaachia ubavu wa lori akanitazama. Katika ndoa yetu sentensi hiyo haijawahi kusemwa.

Shemeji akauliza kama kuna kitu kizito cha kubeba huko. Nikasema hakuna. Wanataka kuongea tu. Akatia begi begani. Kisha akashuka, na lori lote likainuka.

Ofisini aligonga kichwa kizingiti cha juu, ndipo akakohoa, amechelewa. Mchora Ramani alikwisha kuandika urefu wa mlango. Mkasi akainuka kwenye kiti chake mwenyewe, akamsogezea. Shemeji akakitazama kiti. Akanigeukia mimi. Anasubiri. Watu wote wakaona ananisubiri mimi, na wakageuka kunitazama, na chumba kikawa na joto. Nikatikisa kichwa kukubali, kama afisa. Akaketi. Kiti kikalia kidogo, kikavumilia.

Chai alimaliza. Akaongezwa. Akamaliza.

Walimuuliza mpaka saa tisa. Alijibu kila kitu, taratibu, na mara mbili aliwachekesha hadi Mkasi akashika ubavu. Sikujua kama ana vichekesho. Mchora Ramani akamwonyesha milima ya majitu. Shemeji akasema ni mizuri, mzee wangu, ila huko hakai mtu. Jitu nalo linataka kukaa karibu na duka. Mchora Ramani akafuta milima miwili, akaweka mtaa.

Uamuzi. Msimamizi wa ulimwengu ni shemeji. Waandishi sita watamuuliza yeye. Vifungu vyote sitini na vinne vimefutwa. Mimi nimepewa kazi ya kuandika majibu yake, neno kwa neno, bila nyongeza. "Bila nyongeza" Mkasi amepiga mstari mara mbili. Shemeji amekubali kwa sharti moja: waje hata wasipokuwa na swali.

Yadi ya mbao wameambiwa wampate mwingine. Jioni mke wangu amevunja kochi letu na lile kuukuu la mama wa juu, ameyaunga kuwa moja. Linafika hadi mlangoni. Hakuna anayepita bila kuomba njia. Anaombwa kila dakika, na kila dakika anafurahi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimelala nikafikiri. Nikiyatazama mambo kwa ujumla wake, na bila upendeleo, nimeshinda.

Nani alipinga sentensi ya kijani? Mimi. Imekatwa au haikukatwa? Imekatwa. Ulimwengu wenyewe uko wapi? Sebuleni kwangu. Jitu nani alilizaa? Wakwe zangu, ambao mimi ndiye niliyewachagua. Shemeji amesema maneno, hilo sikatai, lakini mdomo ni mlango tu. Kuna aliyebisha hodi.

Mke wangu amenipa chai. Haina sukari. Ni hatua.

Asubuhi yote shemeji alikuwa anaangalia picha za harusi na mama wa juu na yule mama wa pipa, wanamweleza nani ni nani na nani hakualikwa. Kelele zao zimenivuruga. Hata hivyo nimemaliza rasimu ya Kanuni za Kuishi na Msimamizi, vifungu kumi na viwili kwa sasa. Cha kwanza: msimamizi hasumbuliwi bila kibali. Cha pili: kibali hutolewa na mwandishi wake. Nimeanza pia barua, na naiingiza humu kabla haijakatwa na yeyote.

Kwa waandishi sita. Ninawajua ninyi. Mmezoea kwenda moja kwa moja kwa mhusika, mnamkuta kakaa, mnamuuliza, anawajibu, mnashukuru, mnaondoka, mnadhani mmejua. Huo ni uvivu. Nawataka muache. Yeyote mwenye swali kuhusu jitu, aniletee mimi kwanza, kwa maandishi, nakala mbili, aeleze na sababu. Shemeji yangu anajua kuwa jitu. Anayejua majitu ni mimi.